Pikipiki ya Gogo

Nzioka alirudi kutoka shambani na kope za buluu. Mrututu, ile dawa ya kunyunyizia kahawa, ulikuwa unamwingia hata kwenye mikunjo ya shingo, na maji niliyomwekea kwenye karai yaligeuka rangi mara tu alipotia mikono. Alinawa pole pole, akakohoa, akasimama kungoja kikohozi kiishe, kisha akanawa tena. Huo ulikuwa mwaka wa 1958. Alikuwa amebeba pampu ya dawa mgongoni tangu kabla binti yetu Ndunge hajazaliwa, na dresa, mganga msaidizi wa hospitali ya Thika, alikuwa amemwambia waziwazi kwamba kifua chake hakitavumilia msimu mwingine.

"Bwana ameniita ofisini," akasema akiwa bado ameinama.

Nilikuwa nakoroga uji. Nilimsogezea kigoda.

"Anataka tarishi mpya. Muthoka hatapanda pikipiki tena."

Shamba letu lilikuwa kati ya Thika na Ruiru, mistari ya kahawa ikishuka hadi mto Theta. Muthoka ndiye aliyekuwa akipeleka barua za Bwana, mwenye shamba, mjini Thika na vifuko vya kahawa ya kuonjwa hadi stesheni ya Ruiru. Wakati wa mvua alianguka karibu na daraja, mguu wake wa kushoto ukavunjika vibaya. Baada ya hapo wenye mashamba walikubaliana kwamba hakuna tarishi atakayeendesha pikipiki kabla ya kwenda Ruiru kufundishwa jinsi ya kuendesha kwa usalama. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu, na siku ya mwisho ni mtihani. Atakayeshindwa arudi kwenye kazi yake ya zamani, shamba litafute mtu mwingine.

Kwa Nzioka kazi ya zamani ilikuwa pampu.

"Lakini wewe hata baiskeli hujui," nikamwambia.

"Baiskeli najua."

"Ya Musau ilikutupa mtaroni."

"Haikuwa na breki."

"Na wewe hukuwa na macho."

Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi, nikajuta kumchekesha.

Mwalimu wa Ruiru alikuwa ametuma habari kwamba watu ni wengi na pikipiki ni chache. Kila atakayekuja avae suruali ndefu na viatu vya kufunika mguu, tena awe amekwisha kujua kila kitu cha pikipiki kiko upande gani, ili mkono na mguu viende vyenyewe bila kutafuta. Hapo ndipo tulipokwama. Pikipiki ya shamba ilikuwa imefungiwa gereji tangu siku ya ajali, na Bwana alikuwa amesema mtu asiiguse kabla ya mafunzo. Huko kambini kwetu wafanyakazi hawakuwa na kitu chenye injini. Muthoka alikuwa bado hospitali ya Thika.

Aliyetusaidia ni Waweru. Yeye alikuwa mwosha magari wa gereji, Mkikuyu mwenye maneno mengi na mkono mwepesi wa kutoa. Hakukaa kambini kwetu. Zilikuwa siku za Hali ya Hatari, Wakikuyu wamefungiwa vijijini na serikali, na ilimlazimu awe amerudi ndani ya kijiji chao, kule kwenye handaki na ua wa miti iliyochongwa, kabla ya watu kuhesabiwa jioni. Hata hivyo, kengele ya kumaliza kazi ilipolia, alikuja kwetu mbio akiwa na kamba ya mkonge begani.

"Hiyo pikipiki nimeiosha tangu ifike," akasema. "Naijua kama ng'ombe wa mama yangu. Shemeji, tupatie mpini wa jembe."

Nikampa. Yeye na Nzioka walilaza gogo juu ya mawe mawili mbele ya nyumba, wakafunga mpini kwa kukingama mwisho mmoja ili uwe usukani. Waweru alifunga vijiti viwili vya kubana kwa vidole, kimoja kila upande, na chini akaweka makopo mawili ya kukanyaga. Kisha akasimama mbele ya gogo, akitazamana na Nzioka, akaanza kuonyesha kwa kidole.

"Klachi huku. Breki ya mkono huku. Breki ya mguu hapa, gia pale. Rudia."

Nzioka akarudia.

"Tena."

Akarudia tena. Waweru akatazama jua, akachukua koti lake. "Kesho nitakuja nikuulize. Ukikosea nitakwambia ukweli, mimi sioni haya," akasema, akaondoka mbio kama alivyokuja.

Kuanzia hapo kila jioni ilikuwa hiyo. Mimi nilikuwa nimeinama katika kahawa tangu asubuhi, mtoto mchanga mgongoni, na mgongo wenyewe ulikuwa umekwisha kuniambia lake. Lakini gogo lilikuwa linabingirika, kwa hiyo ilibidi mtu asimame nyuma alishike kwa magoti. Mtu huyo alikuwa mimi. Nilikuwa namwitia mambo ya barabarani na yeye anafanya.

"Lori mbele."

Anabana breki.

"Mbuzi."

Anabana, anakanyaga.

"Kona ya kwenda Juja."

Anainamisha bega.

Watu walikuwa wanapita na ndoo zao wakitoka mtoni na kusimama kututazama. Musau, jirani yetu aliyekuwa akivuta maji ya kuchanganyia dawa, hakupita bila neno.

"Nzioka, ukifika Thika niletee chumvi."

"Nitakuletea."

"Mbona tangu saa kumi na moja uko hapo hapo? Ama kuna foleni?"

"Huyu wa nyuma ndiye mzito," Nzioka akasema, na wote wakacheka, hata mimi.

Lakini Musau huyo huyo aliona gogo linavyonichosha. Jioni iliyofuata alikuja na mawe mengine akayakaza pande zote mbili, akaenda zake bila kungoja shukrani. Baada ya hapo nilishika kwa mkono tu.

Kuna jioni moja nilimwambia Nzioka "lori" na hakufanya kitu. Nikasema tena. Nilipozunguka nikaona amelala, mikono bado iko kwenye usukani, kichwa kimeanguka kifuani. Alikuwa amebeba pampu tangu alfajiri. Mtoto naye alikuwa amelala mgongoni kwangu. Nilisimama pale nikiwashikilia wote wawili, uji ukaanza kunuka moto ndani, na sikumwamsha mpaka giza lilipoanza kuingia.

Waweru alikuja kila alipoweza. Alikuwa akisimama mbele ya gogo na kuuliza, na Nzioka alijibu kwa mikono na miguu bila kukosea. "Huyu sasa ni dereva," Waweru akaniambia. "Shemeji, anza kufikiria utakavyokaa nyuma."

Mafunzo yalikuwa yaanze Alhamisi. Jumanne jioni Muthoka akatokea kwenye njia ya kambini, juu ya magongo mawili, na viatu vyake vya buti vimening'inia shingoni kwa kamba zake. Lori la shamba lilikuwa limemtoa hospitali siku hiyo hiyo. Mioyo yetu haikutulia tulipomwona. Ilisemwa kambini kwamba Muthoka hakukubali kuachishwa, kwamba alikuwa akiwaambia wauguzi mguu utapona na pikipiki itamngoja. Kama Nzioka angeshindwa, labda ingemngoja kweli. Bwana alikuwa amempa kazi ya kukaa langoni, kazi ya wazee.

Nilimpa kigoda, akakaa, mguu mbaya ameunyoosha mbele.

"Nimesikia huna viatu," akamwambia Nzioka.

"Nina akala za tairi tu."

"Akala watakurudisha nazo. Chukua hivi. Hiki cha kushoto kilikatwa na dresa ili mguu utoke, lakini mke wako atakishona." Akaviweka chini. "Endelea na kazi yako. Nilitaka kuona hii pikipiki wanayoisema."

Nzioka alipanda gogo kwa haya kidogo. Nikasimama nyuma nikaita lori, nikaita mbuzi. Muthoka alitazama. Nikaita kona. Akaendelea kutazama, na niliona uso wake umebadilika, kama mtu anayehesabu jambo moyoni.

"Breki ya mguu iko wapi?" akauliza.

Nzioka akakanyaga kopo la kulia.

"Na klachi?"

Akabana kijiti cha kulia.

Muthoka alitazama mguu wake, akatazama vile viatu pale chini. Nadhani angeweza kunyanyuka wakati ule, akatuaga vizuri, akaenda kulala. Hakuna ambaye angejua.

"Nani amekufundisha?"

"Waweru."

"Waweru ameshawahi kuikalia?"

"Hawaruhusiwi. Waosha magari hawaruhusiwi kupanda."

"Basi ndiyo sababu. Yeye anaijua kwa kutazamana nayo. Anapiga magoti mbele ya taa na kitambaa chake, na mkono wake wa kulia uko kwenye mkono wa kushoto wa mwendeshaji. Yote uliyojifunza yamegeuka, Nzioka. Klachi ni kushoto. Breki ya mguu ni kushoto. Mguu wa kulia ni gia."

Nzioka hakushuka. Alikaa tu juu ya gogo, mikono ikiwa mapajani.

"Jioni zote hizi," akasema.

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hata hasira haikuja.

Waweru alifika wakati huo akitweta. Muthoka akamweleza. Waweru alinyoosha mikono mbele yake, akaitazama, akageuka akaipa pikipiki isiyokuwepo mgongo, akaitazama tena. Kisha akajifunika uso.

"Ndugu yangu, nimekuua."

"Bado," Muthoka akasema. "Hiyo ingekuwa Alhamisi."

Nzioka ndiye aliyecheka kwanza. Waweru alitaka kubaki afunge vijiti upya, lakini jua lilikuwa limekwisha shuka na Nzioka akamsihi aende asije akapigwa kwenye lango la kijiji chao kwa kuchelewa. Aliondoka akigeuka geuka nyuma kutuomba radhi mpaka akapotea.

Muthoka hakuondoka. Alitumia gongo lake moja kama fimbo ya kuonyeshea, akaanza upya. Mguu wa Nzioka ulikuwa umekwisha kusoma. Ukiita "mbuzi," unaruka kulia wenyewe kabla hajafikiri.

"Usifanye haraka," Muthoka akamwambia. "Taja upande kwanza, halafu ufanye. Lori."

"Kushoto," Nzioka akasema, akakanyaga kulia.

"Lori."

"Kushoto." Akakanyaga kushoto.

"Mbuzi."

Hivyo hivyo mpaka chakula kikaiva. Nilimpa Muthoka muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na maharagwe, tukamtania kwa jina lake kama anavyotaniwa siku zote, akala. Nikamuuliza kwa nini alitusaidia. Alitafuna kwanza.

"Aliyeniachia kazi alinifundisha jioni moja tu, kisha akapanda basi la Machakos," akasema. "Mengine nilifundishwa na daraja."

Jumatano alikuja tena. Mimi nilishona kiatu kwa sindano ya magunia na uzi wa magunia, mishono mikubwa kama ya kidonda.

Alhamisi Nzioka alipanda lori la kahawa kwenda Ruiru, na jioni akarudi nalo. Alisema siku nzima walisukuma pikipiki zikiwa zimezimwa, wakizunguka mapipa uwanjani, na kwamba mwalimu hakuwa mtu wa makelele. Ijumaa aliwasha na kwenda. Alinisimulia hivyo akiwa amelala chali, macho yamefungwa, na vidole vya mkono wa kushoto vilikuwa vinabana na kuachia juu ya blanketi.

Jumamosi lori halikuwepo. Alirudi kwa miguu kutoka barabara kubwa, na nilimwona tangu mbali akiburuta vile viatu. Nilijua kabla hajafika.

"Nimepita kwenye kuwasha," akasema, akakaa. "Nimepita kwenye kona na kwenye ishara za mikono. Kisha akapiga filimbi ya kusimama ghafla. Nikakanyaga kulia."

"Ukaumia?"

"Pipa ndilo limeumia."

Mwalimu hakumtukana. Alimsaidia kuinua pikipiki, akamuuliza nani alimfundisha hivyo, na alipoelezwa akatikisa kichwa. Akasema arudi Jumamosi inayofuata kwa jambo hilo moja tu, la kusimama. Akishindwa tena, basi. Ilikuwa huruma, naye Nzioka aliiona kuwa huruma. Lakini Jumatatu dawa ilikuwa inaanza kunyunyizwa upya, shamba zima, na yeye alikuwa bado mtu wa pampu. Wiki nzima ya mrututu, na jioni mguu uliochoka wa kuufundisha upya.

"Nitajaribu," akasema. Kisha kikohozi kikamshika, akatoka nje ili asimwamshe mtoto mchanga.

Jumapili Muthoka alikuja kuuliza habari, tukamwambia. Akachukua magongo yake, akaenda zake.

Yaliyotokea Jumatatu nilisimuliwa na Waweru, aliyekuwa akiosha gari mbele ya ofisi. Muthoka alipanda kile kilima kwa magongo kabla watu hawajapangiwa kazi. Akamwambia Bwana kwamba pikipiki imekaa muda mrefu, magurudumu yameisha upepo, mnyororo una kutu, na ikitolewa hivyo itamwangusha mtu mwingine. Yeye hawezi kuinama. Anaomba mtu mmoja kwa wiki hii, wa kuisafisha na kuisukuma uani.

"Mtu gani?" Bwana akauliza.

"Yule aliyegonga pipa. Akiijua hii, ataacha kugonga."

Bwana alifikiri, akatazama magongo, akasema sawa, wiki hii tu.

Wiki hiyo Nzioka alirudi nyumbani na mikono myeusi ya grisi. Maji ya karai yalikuwa machafu, lakini hayakuwa ya buluu. Kule uani alikuwa akisukuma pikipiki kwenda na kurudi, Muthoka ameketi juu ya debe akipiga mluzi wakati asioutazamia, na Nzioka anasema "kushoto" na kusimama. Waweru alipokuwa na nafasi alikuja kutazama pia. Ila hakusimama tena mbele ya ile pikipiki. Akiulizwa jambo, alizunguka kwanza mpaka nyuma, akanyoosha mikono, ndipo akajibu. Walimcheka kwa hilo na hakujali.

Jumatano Nzioka hakukosea hata mara moja. Alhamisi alikosea mara moja, akarudi nyumbani, hakula vizuri. Ijumaa Muthoka alimkataza kugusa pikipiki, akamwambia akalale.

Jumamosi jioni alikuja nikiwa nachambua maharagwe. Alitoa karatasi mfukoni, akanipa, akakaa kitandani, akalala pale pale na viatu mguuni. Sikujua kusoma maneno yale yote, lakini niliona muhuri. Nilimvua viatu, kwanza kile kizima, kisha kile cha mishono, ambacho kilikuwa kigumu kutoka. Mguu wa kushoto ulikuwa umevimba kidogo kwenye kisigino. Niliuosha na hakuamka.

Sikulia wala sikuimba. Nilikaa tu chini, mgongo kwenye ukuta, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikakumbuka kuwa hata mimi naweza kulala.

Jumatatu nilitoka mapema kwenda kahawani. Ukungu ulikuwa bado umelala upande wa Theta. Kutoka gereji nilisikia pikipiki ikiwaka, ikazima, ikawaka tena, kisha ikaenda taratibu kuelekea langoni. Ilisimama pale kidogo. Nadhani alikuwa akisalimiana na Muthoka. Kisha ikaingia barabarani.

Nilipofika penye tangi la dawa nilimkuta Musau. Alikuwa peke yake, amepiga goti, anafunga mikanda ya pampu. Ile pampu. Sijui kwa nini sikuwa nimefikiria. Wiki zote hizo nilikuwa nimeomba itoke mgongoni kwa mume wangu, na sikujiuliza hata siku moja itakwenda wapi.

Musau alikuwa na watoto wanne na mke mgonjwa. Kifua chake kilikuwa kizima.

"Umeamkaje, Mama Ndunge?"

"Nimeamka vizuri. Wamekupa wewe?"

"Wamenipa mimi. Maji atavuta mtu mwingine." Alikaza mkanda. "Nimemsikia akienda. Anaendesha pole pole kama mtu aliyebeba mayai."

"Ndivyo walivyomfundisha."

"Vizuri. Mwambie bado nangoja chumvi yangu."

Alisema hivyo akitabasamu, na hapakuwa na sumu katika maneno yake, nilitafuta sikuiona. Alijaribu kusimama na mzigo ukamrudisha chini, maana pampu ikijaa haikubali mtu aliye peke yake. Niliweka kapu langu kando, nikaenda nyuma yake, nikaishika chini kwa mikono miwili.

"Sema ukiwa tayari," nikamwambia.

"Tayari."

Tukainua.